Watoto wetu si risiti ya safari yetu

Mwishoni mwa Julai 2025 tulipiga simu Wete, Pemba, kumjulia hali mama yetu, kama tufanyavyo kila Ijumaa baada ya sala. Salamu zilipokwisha akauliza wajukuu wako wapi, mbona hawasikiki. Tukamjibu, bila ya kufikiri, kwamba wa kike amekwenda kambini. Pakawa kimya. Tukadhani laini imekatika. Kisha ikaja sauti ya mtu anayejizuia asilie: "Kambini? Mmekosana nini na wenyewe huko, mwanangu? Mbona hukunambia?"

Ilituchukua muda kumfahamisha kwamba hakuna aliyetufukuza, kwamba makaratasi yetu yako sawa, na kwamba mjukuu wake amekwenda milimani na wenziwe wa skuli kulala kwenye hema kwa khiari yake, na baba yake amelipia. Hilo la kulipia ndilo lililomshinda kabisa. "Mmetoa pesa ili mtoto alale chini?"

Huenda msomaji asiyetoka kwetu akacheka. Lakini sisi tunajua neno hilo lilimpeleka wapi. Mwishoni mwa Januari 2001, baada ya polisi kuwafyatulia risasi waandamanaji Pemba na Unguja, watu zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kwa majahazi na mashua hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Ndugu wawili wa mama yetu walikuwemo. Walilala kwenye mahema wiki baada ya wiki, na baadhi ya waliokuwa nao wakapelekwa mpaka Dadaab, mbali na bahari, watu ambao maisha yao yote hawajawahi kulala pasipo sauti ya mawimbi. Kwa mama yetu kambi ni hiyo. Na tukisema kweli, hata kwetu sisi, tuliosoma chuo kikuu na kuandika habari za wakimbizi kabla ya kuwa wakimbizi wenyewe, kambi ilikuwa ni hiyo hiyo mpaka kiangazi cha mwaka jana wa masomo kilipokwisha.

Tunaandika haya kwa sababu kila mwaka ifikapo Juni simu zinaanza. Wazazi wenzetu wa Birmingham, Leicester, London na hapa Sheffield wanaulizana jambo moja: hawa watoto tuwafanye nini mpaka Agosti? Mitihani ya GCSE na ya A-level humalizika Juni. Matokeo ya A-level hutoka Alhamisi ya katikati ya Agosti, na ya GCSE Alhamisi inayofuata. Baina ya hapo kuna wiki saba au nane ambazo mtoto hana skuli, hana kazi ya nyumbani, hana hata sare ya kuvaa. Analala mpaka adhuhuri. Anakula saa nane ya mchana na kuita kifungua kinywa. Nasi wazazi tunapita mlangoni kwake tukigugumia.

Nyumbani kwetu walikuwa wawili kwa mpigo. Wa kiume, miaka 18, alikuwa akingojea A-level. Wa kike, miaka 16, alikuwa akingojea GCSE. Kwa wasioishi hapa, GCSE hutolewa kwa namba kutoka 9, ambayo ndiyo ya juu, mpaka 1. Namba 4 ndiyo kama ufaulu, na mtoto asiyeifikia katika Kiingereza au hesabu hulazimika kuendelea na somo hilo pamoja na mengine atakayosoma. A-level hutolewa kwa herufi, na vyuo vikuu hutoa nafasi kwa sharti: leta herufi kadhaa wa kadhaa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwengine. Kwa hiyo si jambo la mchezo, na hatutaki msomaji afikiri tunamshauri asijali. Tulijali mpaka usingizi ukatukimbia.

Ila tulijali vibaya, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Mtoto wetu wa kiume alikuwa ameomba nafasi ya kusomea ufamasia. Tuseme ukweli: tulimwombea sisi, yeye akabonyeza. Somo analolipenda ni jiografia. Tangu alipofika nchi hii mwaka 2019, akiwa na miaka 12 na Kiingereza cha kuokoteza, ramani ndizo zilizomsemesha. Alikuwa akichora njia ya basi kutoka nyumbani mpaka skuli, na mto, na vilima, ili asipotee. Sisi tuliona ni mchezo wa kitoto. Jiografia tulimwambia ni somo la kusindikizia. Na kabla hata hajakaa kwenye chumba cha mtihani, tulikwishawatangazia ami zake Muscat, khalati yake Toronto, na kundi zima la ukoo kwenye WhatsApp, kwamba Insha'Allah mwaka huu tunapata mfamasia. Kuna aliyeanza kumwita "dokta". Yeye alikuwa akisoma maandishi yale kwenye simu yake, akinyamaza.

Kwa nini tulifanya hivyo? Tumejiuliza sana. Sisi tuliondoka nyumbani mwanzoni mwa 2018, miezi michache baada ya mwandishi mwenzetu Azory Gwanda kupotea Kibiti, Novemba 2017, asionekane tena. Tuliacha kazi tuliyoipenda, meza yetu ya habari, rafu ya vitabu, na watoto waliobaki na mama yao mwaka mzima na zaidi kabla hawajaruhusiwa kuungana nasi. Hapa tulipofika tumefanya kazi za ghalani usiku, tumefagia vituo vya treni, na makala kama hizi tunaziandika alfajiri. Mtu akituuliza, tena wako wanaouliza kwa kejeli, "Sasa huko Ulaya umepata nini?", hatuna nyumba ya kumwonyesha wala gari. Tunao watoto. Basi cheti cha mtoto kikawa ndiyo risiti. Tuliitaka ile karatasi ya Agosti ili tuitie mfukoni na kuwaonyesha watu kwamba hatukutupwa jongomeo bure.

Mtoto hakuomba hifadhi. Hakuandika makala iliyomkera mtu yeyote. Deni hili si lake, na sisi tulikuwa tunamtuma kulilipa.

Tuna hakika hatuko peke yetu. Nenda kwenye arusi yoyote ya Waswahili hapa Uingereza mwezi wa Agosti usikilize. Salamu ya pili ni, "Wako kapata ngapi?" Wenye nyingi wanasema kabla hawajaulizwa, wenye chache wanakwenda kuangalia kama pilau imeiva. Na watoto wamesimama pale pale, wamevaa suti, wanasikia bei zao.

Tukirudi kwenye hema. Huu mpango aliokwenda mwanetu wa kike unaitwa Duke of Edinburgh's Award, ulianzishwa mwaka 1956 na Mwanamfalme Philip, na una ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Yeye alikuwa ngazi ya fedha, ambayo safari yake ni siku tatu na usiku mbili. Vijana hutembea kwa kundi dogo, hubeba wenyewe hema, chakula, jiko la gesi na mifuko ya kulalia, na hutafuta njia kwa ramani ya karatasi na dira. Mwalimu yuko, lakini yuko mbali; humsubiri mtu kwenye njia panda, akamwangalia, akamwacha aende.

Tulikataa. Tulikataa mara mbili. Sababu ya kwanza tuliyoitoa ilikuwa ya heshima: mtoto wa kike kulala nje. Akatuletea karatasi ya skuli inayosema wasichana wana mahema yao. Sababu ya pili ilikuwa ya fedha. Akasema viatu na shanta ataazima skuli. Ndipo tukatoa ile ya kweli, kwamba katika wiki hizi anatakiwa ajisomee masomo ya mwaka ujao. Akatutazama akasema, "Baba, nimesoma tangu Septemba. Mtihani umekwisha. Sasa nisomee nini, khofu yako?"

Mama yao ndiye aliyetia saini. Sisi tulikuwa kwenye zamu ya usiku.

Alikwenda Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, iliyotangazwa 1951, ambayo kutoka kwetu unaifikia kwa basi la kawaida. Tumeishi hapa miaka saba na hatujawahi kushuka pale. Ilikuwa ni mahali pa wenyewe. Hatukujua, mpaka binti yetu alipotusimulia, kwamba hata hao wenyewe walikuwa hawaruhusiwi. Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi, wengi kutoka Manchester, walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na matajiri kwa ajili ya kuwindia ndege, na baadhi yao wakafungwa jela. Sisi tulipomsikia akisema "wakafungwa" tuliacha kula. Kumbe milima hii nayo ina historia ambayo mkimbizi anaifahamu bila ya kufasiriwa.

Usiku wa pili ilinyesha. Hema lilivuja upande wa miguu. Walipotea kwa saa mbili kwa sababu msichana mmoja alishikilia ramani juu chini na hakuna aliyethubutu kumwambia, na walipogundua wakagombana, mmoja akalia, wakapika tambi zikaungua, wakazila. Yote haya alitusimulia jikoni, buti zimejaa tope, kwa kasi ambayo hatujamsikia akiongea tangu Januari. Kisha akasema jambo dogo lililotukaa moyoni. Alfajiri alitoka nje ya hema na dira kutafuta kibla, kusini-mashariki, na rafiki yake Mwingereza akamshikia tochi. Sisi tuliokulia Pemba kibla hatukukitafuta kamwe. Makka iko juu yetu sawasawa, kaskazini. Unaelekea kaskazini umemaliza. Watoto wetu wanaishi mahali ambapo hata kibla lazima wakitafute wenyewe, na huyu alikipata gizani bila ya sisi.

Kwa kupita tu tuseme hivi: wako wazee wetu wanaosema kupiga hema ni mambo ya kizungu. Wasisahau kwamba Baden-Powell, aliyepiga kambi yake ya kwanza ya vijana kisiwa cha Brownsea Agosti 1907 na skauti wakatokana nayo, amezikwa Nyeri, Kenya, tangu Januari 1941. Na wengi wa hao hao wazee walipita JKT, wakalala kwenye mabanda, na mpaka leo ukiwapa kahawa hawasemi jengine.

Basi ikafika Alhamisi, 14 Agosti. Kiangazi hicho cha 2025 ndicho kilichokuwa cha joto zaidi Uingereza tangu vipimo vianze, na siku ile nyumba ilikuwa kama tanuri. Saa mbili asubuhi kijana wetu akafungua simu chumbani kwake. Sisi tulikuwa ukumbini, tumevaa, kana kwamba tunangojea posa. Hapa matokeo ni ya mtahiniwa mwenyewe. Skuli humpa yeye mkononi au humtumia yeye. Mzazi hangojei ubaoni. Sisi tumetoka kwenye desturi nyengine. Kwetu matokeo yalibandikwa ukutani na mtaa mzima ukaenda kusoma, na hata sasa yanapowekwa kwenye mtandao wa Baraza la Mitihani, yeyote mwenye namba ya mtoto anaweza kuyaangalia. Lakini kwetu pia mambo yanabadilika: Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza lilisema halitatangaza tena wanafunzi bora na shule bora.

Alishuka baada ya dakika arubaini. Jiografia A. Historia B. Kemia D. Ufamasia umekwenda.

Tungependa kumwambia msomaji kwamba tulimkumbatia. Hatukumkumbatia. Tulikaa kimya, kisha tukasema maneno haya, na tunayaandika hapa kwa sababu tusipoyaandika makala hii itakuwa ya uongo: "Sasa watu tutawaambia nini?"

Akauliza, kwa upole kabisa, "Baba, hao watu ni akina nani?"

Tulitafuta jibu. Ami yake wa Muscat hajamwona tangu akiwa na miaka minane. Khalati wa Toronto humjua kwa picha. Wengine wa kundi lile hata jina lake hulikosea. Tukagundua hatuna mtu hata mmoja wa kumtaja ambaye angeumia, ila sisi.

Mchana ule ule alipiga simu mwenyewe kwenye mfumo wa Clearing, ambao vyuo huutumia kujaza nafasi zilizobaki, akazungumza na mtu dakika ishirini, na kufikia alasiri alikuwa na nafasi ya kusoma jiografia. Alikuwa na orodha ya vyuo tayari, ameiandika tangu Julai. Alijua kemia imemshinda tangu siku ya mtihani. Wiki nane alikaa na siri hiyo ndani ya nyumba yetu, akisikia anaitwa dokta, na hakuona mtu wa kumwambia. Hiyo D ya kemia hatuioni kuwa aibu. Aibu ni hizo wiki nane.

Hayakwisha hapo. Alhamisi iliyofuata dada yake akaleta GCSE zake, nzuri, kuanzia 6 mpaka 9. Kabla hajamaliza kuzisoma tulikwishazipiga picha na kuziweka kwenye kundi la ukoo. Mashallah zikamiminika. Jioni akaja akatuomba tuifute ile picha. Tukauliza kwa nini, wakati watu wote wanafurahi. Akasema, "Ya kaka hamkuiweka." Tuliifuta, lakini khamsini na tatu walikuwa wamekwishaiona, na mmojawao akauliza pale pale, mbele ya wote, "Na dokta je?"

Ipo hoja ya upande wa pili, na ni ya haki. Wazazi wenzetu wanatwambia: nyinyi mna makaratasi, mnaweza kufalsafia. Mtoto wa mtu ambaye bado anangojea jibu la maombi ya hifadhi hawezi kupata mkopo wa serikali wa kusomea, na ada ya chuo kikuu England kwa mwanafunzi wa hapa ilipanda mpaka pauni 9,535 mwaka wa masomo wa 2025/26. Anayehesabiwa mgeni hutozwa zaidi sana. Mtoto huyo alama za juu ndizo pengine zitakazompatia msaada wa masomo. Tunakubali. Kwake karatasi ni mlango. Lakini hata huyo anahitaji mlango uwe wake. Anangojea majibu mawili, la skuli na la hifadhi, na la pili halimo mikononi mwake hata kidogo. Akiongezewa na la tatu, la watu wa arusini, atabeba nini na nini?

Tena hiyo karatasi tunayoiapia nayo hukosea. Agosti 2020, mitihani ilipofutwa kwa sababu ya korona, alama za A-level England zilipangwa kwa hesabu ya kompyuta, na karibu mbili katika kila tano ya alama walizopendekeza walimu zikashushwa. Vijana waliandamana, na siku nne baadaye, tarehe 17, serikali ikarudisha alama za walimu. Kwetu Tanzania, Februari 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali ikaunda tume, na mwaka huo huo matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Mtoto aliyekuwa sifuri Februari hakuwa sifuri baada ya hapo, na yeye hakuongeza hata nukta moja kwenye karatasi yake. Sisi tulikuwa tunaandika habari siku zile. Tunakumbuka tulivyokwenda haraka kuwahoji mawaziri, na jinsi ambavyo hakuna mhariri aliyetutuma nyumbani kwa mtoto hata mmoja.

Kwa hiyo msimu huu ukifika tena, ombi letu kwa wenzetu ni dogo. Tusitangaze kabla. Tusipige picha karatasi isiyo na jina letu. Mtoto akitaka kwenda kulala milimani katika wiki zile za kungojea, tumwache aende, hata kama neno kambi linatuchoma, maana linatuchoma sisi, yeye halimchomi. Na akishuka ngazi na habari asiyoipenda, swali letu la kwanza lisiwe lile tulilouliza sisi.

Mwishoni mwa Agosti, kabla kijana hajaondoka, dada yake alitulazimisha sote tulale nje usiku mmoja. Ilikuwa ni uwanja wa kukodi wa mahema, maili chache kutoka Kinder Scout, pauni kadhaa kwa kila kichwa, na maji ya moto ya kulipia. Hatukulala. Mgongo uliuma, na kila upepo ulipopiga turubai tulishtuka na kuwahesabu watoto, mara ya kwanza, mara ya pili. Mama yao alikoroma mpaka asubuhi. Kijana alitoka na ramani yake kabla jua halijachomoza, akarudi saa tatu akatuonyesha kwa kidole alikopita.

Tulimpigia mama simu kutoka juu ya kilima, penye mtandao. Safari hii tulianza na hali za afya zetu, kisha makaratasi, ndipo tukafika kwenye hema. Akauliza kama tumekula. Kisha akataka kuzungumza na mjukuu wake wa kiume, na hatukusikia walichoongea.